Kona ya Kushoto ya Televisheni ya Muzee Ramazani

Ninyi vijana mnaotengeneza simu pale Nyawera chini ya parasoli, kila nikipita mnaniuliza, "Papa Bisimwa, na atelye?" Atelye, karakana yangu ya televisheni kule Kadutu, nimeifunga. Si kwa hasira, wala hakuna aliyenifukuza. Nimechoka tu, kama transfo ya umeme inavyochoka: haiungui, haipigi kelele, inabaki vuguvugu na haitoi tena kitu.

Magoti yamekataa kupanda Kadutu. Televisheni nazo zimekuwa nyembamba hata huoni pa kushika. Mtu anakuletea kioo kilichopasuka, unamwambia kioo hakitengenezwi, anakuangalia kama vile wewe ndiye uliyekipasua. Nimerudia jibu hilo miaka na miaka, na mdomo wangu umechoka kabla ya mikono.

Lakini kuna ugonjwa mmoja wa televisheni nataka kuwaelezea kabla kichwa changu nacho hakijaanza kusahau. Ulinisumbua kuliko yote. Na mwenye televisheni hiyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Muzee Ramazani alizaliwa Uvira, katika zile familia za Waislamu wachuuzi ambazo mababu zao walitoka pwani. Ndugu zake wote walishika maduka ya vitambaa na sukari. Yeye duka hakulitaka. Alipanda huku Bukavu na sanduku la bisibisi, akapanga chumba karibu na soko la Kadutu, akaanza kutengeneza radio, kisha televisheni. Mimi nilitoka Kasha, kule mwisho wa Bagira, nguo zikinuka bado moshi wa jikoni kwa mama. Nilikuja kuchukua radio ya baba, nikasimama mlangoni nikimwangalia anavyofanya kazi, na hakunifukuza. Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuweka mkono wa kushoto mfukoni. Zile televisheni za zamani zilikuwa na tumbo nyuma. Ndani ya tumbo mlikaa chupa kubwa ya kioo, na juu ya chupa kifuniko cha mpira. Chini ya kifuniko hicho umeme ulilala hata kama waya umechomolewa tangu asubuhi. Alinieleza kwamba umeme ukikuingia kwa mkono mmoja utakuchapa tu, lakini ukiingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, lazima upitie kifuani. Siku moja nilisahau mfuko wangu. Nilijikuta nje ya mlango, nimekaa juu ya gunia la makala, mkaa wa mama jirani. Yule mama aliuliza kwanza habari ya makala yake.

Muzee alikuwa anajua ugonjwa wa televisheni kabla ya kuifungua. Alinusa matundu ya nyuma. Alipitisha mgongo wa mkono mbele ya kioo, akaangalia nywele zinavyosimama. Alisikiliza ule mlio mwembamba ambao wazee wengi hawausikii, na yeye aliusikia hadi alipokuwa na mvi.

Kisha zikaja bapa, televisheni zisizo na tumbo. Ya kwanza kufika kwetu ililetwa na mfanyabiashara wa dhahabu wa Shabunda, moja ya zile za plasma, nzito kama mlango wa kanisa. Ilipasha joto nyumba yake yote, na akiiwasha, taa za majirani zinainama. Muzee aliifungua nyuma, akatafuta chupa, hakuiona. Alikuta mbao za umeme zimelala kama mikeka. Aliangalia muda mrefu, akarudisha skrubu zote moja moja.

"Bisimwa," alisema, "hii ni kazi yako. Mimi niko mutu ya chupa."

Hakukasirika. Alimaliza televisheni za chupa zilizobaki, na zilipoisha aliniachia meza, viti na wateja, akaenda kukaa nyumbani kwake mtaa wa juu, akitengeneza radio za majirani. Nilimsihi arudi, hata kukaa tu. Alisema hawezi kukaa mbele ya kitu asichokielewa na kujifanya fundi.

Mimi bapa nilijifunza kwa kuzivunja. Kioo changu cha kwanza nilikipasua kwa kidole gumba, nikifungua fremu yake kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Nilimpa mwenyewe televisheni ya nyumbani kwangu, na watoto wangu walikula bugali siku ile bila kuniangalia. Baada ya hapo nilijifunza kulaza kioo juu ya blanketi, uso chini, na kukiinua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Na nilijifunza kwamba kioo cha bapa hakiwaki chenyewe. Picha iko mbele, mwanga uko nyuma. Zile za mwanzo zilikuwa na taa ndefu nyembamba kama mirija ya kunywea soda. Taa zikifa, sauti inabaki na picha inabaki pia, ila iko gizani. Watu walizitupa. Mimi nilimulika kioo kwa tochi, kwa pembeni, na ndani ya weusi niliona mtangazaji anaongea kama mtu aliye chini ya maji. Hapo nilijua kioo ni kizima, ni taa tu. Baadaye mirija ikaondoka, zikaja taa ndogo sana, zimepangwa kwenye ukanda wa bati. Kwenye televisheni nyembamba zaidi ukanda huo umewekwa pembeni, mwanga unatoka ukingoni na kusambaa hadi katikati. Taa hizo zinauawa na joto. Mtu ananunua televisheni dukani, mwanga umepandishwa hadi mwisho ili ivutie, anaiacha hivyo hivyo miaka yote. Ushusheni ule mwanga. Nimelisema hili kwa kila mteja, na kila mteja aliitikia, akaenda nyumbani akauacha ulivyo.

Sasa, binti ya Muzee, Mwajuma, aliyeolewa Bujumbura, alimletea baba yake bapa moja nzuri, ya aina hiyo ya mwanga wa pembeni. Muzee aliipokea bila maneno. Alikuwa anapenda mupira, na watu wa chupa nao wanapenda mupira. Baada ya muda aliniita. Nilipofika aliniambia:

"Kona ya kushoto, kule juu, iko inakufa. Score ya magoli inapotea, kisha inarudi."

Aliniuliza taa zimepangwaje ndani. Nilimweleza. Alifumba macho akafikiri, kisha akasema taa ya mwisho ya kushoto imeachia lehemu yake: ikipata joto inatengana, ikipoa inashikana. Hakuwahi kufungua bapa yoyote tangu ile ya Shabunda, na alichosema ndicho ambacho ningesema mimi. Televisheni nyingi nilizokuwa nimezifungua zilikuwa na ugonjwa huo huo.

Niliifunga katika blanketi nikaishusha atelye. Taa zote ziliwaka. Lehemu ya mwisho wa kushoto niliiyeyusha upya hata hivyo, nikaiacha televisheni inawaka tangu kufungua hadi kufunga. Kona ilikuwa safi. Nilimrudishia, akafurahi, Maman Zaina, mke wake, akanipikia sambaza, dagaa wa ziwani.

Halafu simu ikalia. Ugonjwa umerudi.

Ninyi wa simu mnaujua ugonjwa unaokwenda na kurudi. Mashine iliyokufa kabisa ni rafiki yako, inakaa mezani na kukungoja. Lakini ile inayougua nyumbani na kupona mbele ya fundi itakuzeesha. Niliichukua tena. Nilibadilisha ukanda mzima. Niliirudisha. Ugonjwa ukarudi. Nilifikiri ni umeme wa mtaa wao, maana courant ya kule juu ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, nikamwekea kifaa cha kuutuliza. Ugonjwa ukabaki. Nilianza kuogopa simu yake. Nilikuwa nalala nikiifikiria ile kona.

Jumapili moja baada ya misa nilipanda kwake bila bisibisi. Nilitaka tuangalie mechi pamoja, ili niuone ugonjwa kwa macho yangu. Tulikaa kwenye kiti kimoja kirefu. Maman Zaina alileta chai.

Mechi ilipokuwa katikati Muzee alininyooshea kidole. "Ona. Sasa hivi imepotea."

Niliangalia. Score ilikuwa pale pale juu kushoto, herufi nyeupe ndani ya kisanduku cha bluu, safi kabisa. Niligeuka kumwangalia yeye. Alikuwa amekaza macho katikati ya uwanja, kwenye mpira. Kisha akageuza uso kidogo kuelekea kona. "Imerudi," alisema. Akaurudisha uso kwenye mpira. "Haya, imepotea tena."

Muzee aliweka kikombe chake ukingoni mwa meza, nusu hewani, upande wa kushoto. Kabla hakijaanguka mkono wa Maman Zaina ulikuwa umefika, ukakisukuma ndani. Hakukiangalia hata. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama mkono uliofanya kazi hiyo siku nyingi.

Nilipoaga, Maman Zaina alinisindikiza hadi uani. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mume wake anagonga bega kwenye mwimo wa mlango, daima bega lile lile. Alianguka kwenye ngazi za udongo zinazoshuka sokoni, akasema ni mvua. Majirani walianza kusema amekuwa na kiburi, kwa sababu wakimsalimia wakitokea kushoto anapita bila kuitika. Maman Zaina alijua kwamba ni macho. Alikuwa amejua muda mrefu, na hakujua la kufanya isipokuwa kusukuma vikombe.

"Mupatie ile télé ugonjwa, Bisimwa," aliniomba. "Useme ni lampe, useme pièce haijafika. Ni mutu ya macho yule. Ukimuambia ni macho, atalala na hatainuka tena."

Nilishuka mlima na maneno hayo. Msifikiri yalikuwa maneno ya mtu mjinga. Alikuwa ananiomba huruma, na uongo wenyewe ulikuwa rahisi. Mafundi wote tunaujua, ni uongo wa kipande ambacho hakijafika. Ningeweza kuiweka televisheni ile chini ya meza yangu hadi leo. Lakini mtu anayejigonga milangoni atagongwa na pikipiki. Nilizunguka na jambo hili juma zima, sikuwa na mdomo wa kumwambia mtu aliyenipa kazi kwamba kilichoharibika ni yeye.

Mwishowe nilifanya alichonifundisha mwenyewe. Muzee alikuwa na sheria moja kwa ugonjwa unaotembea: usibishane nao. Chukua kitu kimoja unachojua ni kizima, kiweke mahali pa kile unachokishuku, na vingine vyote viache vilivyo. Ugonjwa ukiondoka, umempata mwizi. Ukibaki, mwache huyo mtu wa watu, katafute kwingine.

Nikachukua televisheni ya nyumbani kwangu, nikaipandisha mtaa wa juu mchana kweupe. Nilimwambia tu kwamba nataka tujaribu hii mahali pa yake, meza ile ile, waya ule ule. Alikubali kwa kichwa. Aliijua sheria. Tuliwasha, tukakaa. Maman Zaina alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Iko ginsi gani, Muzee?"

"Kona iko inakufa."

Nilimwambia hii ni ya kwangu, na asubuhi watoto wameiangalia ikiwa nzima. Akafikiri. Akaniambia nibadilishe waya, nikabadilisha. Akaniambia nizime kile kisanduku cha antena na kukiwasha tena. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, na nikajua ameshafika, anatafuta tu njia ya kuingia.

"Igeuze," alisema. "Kichwa chini."

Niliigeuza, nikaiegemeza ukutani kwa mto. Wachezaji wakaanza kukimbia vichwa chini, mpira ukipaa kuelekea sakafuni, na score ikashuka kona ya chini, kulia. Kama angekuwa mtu mwingine angecheka. Alikaza macho katikati.

"Score sasa naiona," alisema polepole. "Iko chini. Lakini kule juu kushoto bado hakuna kitu. Télé imegeuka, ile kona haikugeuka." Alipumua. "Basi si télé."

Maman Zaina alianza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Ulijua mbele ya kuleta hii?" Muzee aliniuliza.

"Nilijua, Muzee."

"Ulifanya muzuri. Ungeniambia na kinywa, ningekukatalia."

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole aliyezungumza naye kama mtu mwenye akili zake. Alimweleza kwamba ndani ya jicho kuna maji yenye msukumo wake, na msukumo ukizidi unaua polepole mshipa unaobeba picha kwenda kichwani. Unaanzia pembeni. Haumi. Na kichwa hakionyeshi weusi mahali palipokufa, kinapaka pale kile kinachodhani kipo. Ndiyo maana score ilipopotea yeye hakuona giza; aliona majani ya uwanja tu. Jicho moja lilikuwa limeondoka zaidi ya lingine. Kilichoondoka hakirudi, daktari alisema, kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Muzee aliuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Daktari alisema kingebaki zaidi. Hakulizunguka.

Maman Zaina alikuwa amesema kweli: Muzee alilala. Majuma mengi televisheni haikuwashwa katika nyumba ile. Nilipokwenda alinipa mgongo, na nilirudi nikijiuliza kama kweli nilifanya vizuri.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama juu ya meza nikasikia mtu anavuta kiti. Alikuwa Muzee, mkono juu ya bega la Maman Zaina. Hakusalimia. Aliuliza kazi ni gani leo. Nilimwonyesha ukanda wa taa. Aliuchukua, akausogeza hadi mbele ya pua.

"Katikati bado niko na kitundu cha kuonea," alisema. "Ni kidogo, lakini iko safi."

Akaniomba chuma cha lehemu.

Taa moja ya bapa ni ndogo kama punje ya mchele. Ukubwa wa kitundu chake ulitosha taa moja. Hakuweza tena kuvuka barabara peke yake, hakuona sahani iliyowekwa upande wa kushoto, lakini ile punje aliiona kuliko mimi mwenye macho mazima. Hakutembeza macho juu ya ukanda. Alipitisha ukanda chini ya macho, taa baada ya taa. Aliyekataa bapa miaka yote hiyo akawa mtu wa taa za bapa. Maman Zaina alimleta asubuhi na kumfuata jioni. Wakati dawa ya matone ilipokosekana mjini, na ilikosekana mara nyingi, barabara zikiwa mbaya au zimefungwa, aliendelea kufanya kazi bila kulizungumzia. Mimi ndiye niliyezunguka farmasi.

Ile miaka ndiyo ninayoikumbuka nikikumbuka kazi. Si ya ujana wangu, si ya pesa za dhahabu za Shabunda. Ni ile ya wazee wawili kwenye meza moja, tukibishana iwapo chai ina sukari.

Siku moja ililetwa bapa ya aina mpya, nyembamba kama sahani, ambayo nyuma yake hamna taa kabisa. Nilimweleza kwamba kila kitone cha picha kinajiwashia chenyewe, ndiyo maana weusi wake ni mweusi kweli: kitone kimezima. Aliigusa kwa vidole, pande zote. Aliuliza kitone kikifa kinafanywa nini. Nikamwambia hakuna, kinabaki hivyo. Alisema basi kazi yetu inakwisha, na alisema bila huzuni, kama mtu anayetangaza mvua. Alikuwa sawa. Ninyi mtakuwa watu wa kubadilisha vioo, siwalaumu, vioo vyenyewe vimekuja hivyo.

Mimi sasa ninapimwa macho kila mwaka, na watoto wangu ninawapeleka kwa nguvu. Ninyi mnaoinama juu ya simu tangu asubuhi, nendeni nanyi. Msingoje kuumwa. Haumi. Sina ushauri mwingine kwenu leo, na huu wenyewe nimeupata kwa mtu ambaye haukumfaa.

Siku yake ya mwisho ya kazi ilikuwa siku ya kawaida, jua limetoka baada ya mvua, watu wanapita sokoni. Alikuwa katikati ya ukanda, chuma cha lehemu mkononi, akasimama.

"Courant imekatika?" aliniuliza.

Taa ya meza ilikuwa inawaka mbele ya uso wake. Kwa fundi wa nguo wa chumba cha pili radio ilikuwa inaendelea na habari, na cherehani yake ya umeme inalia. Nilitaka kusema ndiyo, imekatika. Lilikuwa neno moja tu, na nililishika mdomoni. Lakini yeye naye alikuwa na masikio. Aliinua kichwa akasikiliza radio, akasikiliza cherehani, hadi fundi alipofika mwisho wa mshono.

Kisha akapapasa meza kwa mkono wa kushoto, akatafuta kiegemeo cha kuwekea chuma, akakiweka chuma taratibu mahali pake.

"Chomoa waya, Bisimwa," alisema. "Isiunguze meza."

Nikachomoa.